Sura ya Saba: Afya ya Akili ya Kijana na Somo la Njia ya Tabora

Ukimaliza sura hii unatakiwa uweze kueleza maana ya afya ya akili, kutofautisha msongo wa mawazo na ugonjwa wa akili, kutumia mfano wa wapagazi wa njia ya Tabora katika jibu la insha, na kueleza hatua za kupata msaada. Soma ukiwa na daftari na kalamu. Sehemu ya 7.3 isome mara mbili, kwa sababu ndiyo inayowachanganya watahiniwa wengi.

7.1 Maana ya afya ya akili

Ukimwuliza mwanafunzi "afya ya akili ni nini?", mara nyingi atakuambia ni hali ya mtu kutokuwa na kichaa. Jibu hilo halitoshi, na katika mtihani halitakupa alama zote. Shirika la Afya Duniani linaieleza afya ya akili kuwa ni hali ya ustawi wa akili inayomwezesha mtu kukabiliana na misukosuko ya maisha, kutambua uwezo wake, kujifunza na kufanya kazi vizuri, na kuwa na mchango katika jamii yake. Angalia maneno "kukabiliana na misukosuko". Hayasemi kwamba mtu mwenye afya njema ya akili hana matatizo. Yanasema matatizo yanapokuja, ana namna ya kuyabeba.

Kwa hiyo kila mtu ana afya ya akili, kama vile kila mtu ana afya ya mwili. Wiki hii inaweza kuwa nzuri, wiki ijayo ikayumba. Kama hucheki na mwenzako anayeumwa malaria, hakuna sababu ya kumcheka anayeumwa sonona.

Yako maneno matano ambayo lazima uyatumie kwa usahihi. Msongo wa mawazo (mitaani tunasema stresi) ni hali ya kuelemewa inayompata mtu anapokabili jambo zito, kwa mfano mtihani wa taifa au ugomvi nyumbani. Kwa kawaida hupungua jambo lenyewe likipita. Wasiwasi ni hofu juu ya jambo ambalo bado halijatokea. Ukizidi na kudumu, huwa tatizo la kiafya linalohitaji tiba. Sonona ni ugonjwa. Mgonjwa hukaa na huzuni au hupoteza hamu ya mambo aliyoyapenda kwa sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, na maisha yake ya kila siku yanaharibika. Kiwewe ni jeraha la akili linalotokana na tukio la kutisha, kama ajali, kubakwa, au kushuhudia mtu akifa. Uraibu ni kushindwa kuacha kitu hata pale unapoona kinakudhuru.

Kosa la kawaida ni kuandika "sonona" kila mahali. Mwanafunzi aliyehuzunika siku moja kwa sababu amepata alama 23 za Hisabati hana sonona. Amehuzunika, na ana haki ya kuhuzunika.

Kwa nini somo hili liwahusu vijana hasa? Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Hesabu hiyo ihamishie darasani kwenu. Darasa la wanafunzi 70 likiwa kama hesabu hiyo, lina wanafunzi kumi. Umri huu ni wa mabadiliko makubwa ya mwili, na sehemu ya ubongo inayohusika na kupima matokeo na kuzuia pupa huendelea kukomaa hadi mtu anapofika miaka ya ishirini na kitu. Ndiyo maana kijana huweza kujua kabisa kwamba jambo fulani ni baya na bado akalifanya. Hilo halimwondolei wajibu, ila linaeleza kwa nini anahitaji watu wa kumzunguka.

7.2 Wapagazi wa njia ya kati

Somo letu lina mguu mmoja katika historia na mwingine katika maadili, na hapa miguu yote miwili inakanyaga pamoja.

Katika karne ya 19 Tabora, ambayo wageni waliiita pia Kazeh, ilikuwa njia panda ya misafara katika nchi ya Unyanyembe. Njia moja ilitoka pwani, hasa Bagamoyo, ikapita Ugogo na kufika Tabora, umbali wa takribani kilomita 800. Kutoka Tabora, njia nyingine zilikwenda Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, na nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Burton na Speke walifika Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, baada ya safari ya zaidi ya miezi minne kutoka pwani. Livingstone alikaa Kwihara, nje kidogo ya mji wa leo, kuanzia Februari hadi Agosti 1872, sehemu kubwa ya muda huo akisubiri wapagazi kutoka pwani ili aweze kuendelea. Jina lake limo katika kila kitabu. Majina ya wapagazi wenyewe ni machache mno.

Wapagazi wengi walikuwa vijana wa Kinyamwezi. Mzigo wa kawaida ulikuwa na uzito wa kilo 27 hadi 32, mara nyingi pembe za ndovu wakienda pwani, na nguo, shanga au waya za shaba wakirudi. Juu yake mpagazi aliongeza vitu vyake mwenyewe: mkeka, chungu, chakula. Kwa kijana wa Kinyamwezi, kwenda pwani na kurudi kulikuwa kipimo cha uanaume. Ambaye hakuwahi kwenda alionekana bado mtoto. Zingatia jambo hili, kwa sababu shinikizo la rika ni la zamani kuliko simu.

Tusiipambe njia hii. Ilipita pia misafara ya watumwa, watu waliofungwa minyororo, waliotenganishwa na wazazi wao, waliopigwa na kuuzwa. Ndui iliua watu njiani, na mgonjwa aliyeshindwa kutembea aliweza kuachwa. Kati ya Ugogo na Unyamwezi palikuwa na nyika kavu iliyoitwa Mgunda Mkali, mahali ambapo maji yalikuwa ya shida na misafara ililazimika kukaza mwendo. Mtahiniwa anayeandika kwamba "misafara iliwaunganisha watu" bila kutaja haya amesoma nusu ya historia.

Sasa swali: wapagazi waliwezaje kuvumilia miezi mitatu au minne ya mwendo huo? Nguvu za mwili ni sehemu tu ya jibu. Msafara ulikuwa na utaratibu. Mbele alitangulia kirangozi, aliyeijua njia, akibeba bendera. Wapagazi waligawanyika katika vikundi vidogo vilivyokula chungu kimoja na kulala kwenye moto mmoja. Waliimba wakitembea. Walitua mizigo kwa vipindi, na walipofika Tabora walipumzika, wengine kwa wiki nyingi, kabla ya kuendelea. Mpagazi aliyeugua, watu wa kwanza kujua walikuwa wale wa chungu chake, kwa sababu bakuli lake lilibaki na chakula.

Hapo ndipo palipo na somo. Mzigo ulikuwa wa kila mtu peke yake, juu ya bega lake mwenyewe, lakini safari haikuwa ya mtu peke yake.

Wengi husimulia kwamba jina Bagamoyo limetokana na "bwaga moyo". Wapo wanaosema ni moyo wa mpagazi uliotulia baada ya kufika mwisho wa safari, na wapo wanaosema ni moyo wa mtumwa uliokata tamaa alipoiona bahari. Ukitumia mfano huu katika insha, taja maana zote mbili.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na kazi ya upagazi wa masafa marefu ikaisha. Mizigo haikuisha, ilibadilika sura.

7.3 Utani na uonevu

Hapa ndipo wanafunzi wanapopoteza alama, na mabwenini ndipo wanapoumizana.

Wanahistoria wengi wanahusisha kuenea kwa utani kati ya Wanyamwezi na makabila ya kando ya njia ya misafara, wakiwamo Wazaramo wa karibu na pwani, na safari hizo. Mpagazi alikuwa mgeni kila alipolala. Utani ulimpa mahali pa kusimama: mtu asiye ndugu yake aliweza kumkaribisha, kumlisha, na akifa kusaidia kumzika. Maneno makali ya watani yalikuja pamoja na wajibu. Mpaka leo ukienda msibani Tabora utamwona mtani akifanya vituko mbele ya wafiwa, hata kulala kaburini mpaka apewe chochote, na watu waliokuwa wanalia wanacheka. Hiyo ni tiba ya huzuni ambayo babu zetu waliijua kabla ya sisi kuiandikia mada.

Mwanafunzi anayemwita mwenzake "kibonge" au "maskini" kila siku, kisha anaposhtakiwa anasema "mwalimu, nilikuwa namtania", anatumia vibaya neno lenye heshima. Mpime kwa maswali matatu. Je, mwenzake naye anaweza kumrudishia maneno hayohayo bila kupigwa wala kutengwa? Je, mwenzake akipata msiba au akiugua, huyu atakuwa wa kwanza kufika? Je, mwenzake akisema "basi, leo sitaki", anaacha? Likipatikana jibu la "hapana" hata moja, huo ni uonevu.

Uonevu wa leo una kitu kimoja ambacho wa zamani haukuwa nacho: haulali. Zamani ukitoka shuleni, anayekuonea alibaki shuleni. Sasa picha yako inawekwa kwenye kundi la WhatsApp saa nne usiku, na ukiamka asubuhi watu 200 wameshaiona. Aliyeituma, aliyeisambaza na aliyeweka alama ya kucheka, wote watatu wameshiriki. Kusambaza picha za utupu za mtu, hata kama alizituma mwenyewe kwa mpenzi wake, ni kosa la jinai. Kwa picha za mtoto aliye chini ya miaka 18 kosa ni zito zaidi.

7.4 Mizigo ya kijana wa leo

Chukua kisa hiki cha mafunzo. Kijana wa kidato cha tatu anatoka kijiji cha wakulima wa tumbaku wilayani Kaliua. Shule ya kata iko mbali, hivyo amepanga chumba karibu na shule, kile tunachokiita gheto, yeye na wenzake wawili. Ada haipo, kwa kuwa tangu mwaka 2016 elimu ya kidato cha kwanza hadi cha nne hutolewa bila ada. Lakini kuna kodi ya chumba, unga, mafuta ya kupikia, daftari, sare. Baba anasema atatuma pesa tumbaku ikilipwa. Tumbaku imeuzwa, malipo hayajatoka. Kijana anaanza kubeti kwa simu ya mwenzake, akitumaini mkeka mmoja utalipa kodi. Anashinda mara moja, anapoteza mara nyingi. Sasa anadaiwa. Usiku halali, darasani anasinzia, mwalimu anamchapa kwa uvivu. Wenzake wanasema amebadilika, amekuwa mkali. Ameacha kucheza mpira.

Kabla hujaendelea, andika kwenye daftari: tatizo la kijana huyu ni lipi?

Wengi huandika "kubeti". Kubeti ni tatizo, na sheria inamkataza aliye chini ya miaka 18, lakini ni mzigo wa juu kabisa kwenye rundo. Chini yake kuna umaskini wa msimu, upweke wa mtoto anayejilea mwenyewe, aibu ya kudaiwa, na kukosa usingizi. Ukiushusha wa juu tu, mgongo bado umeinama. Jibu zuri la mtihani linaonyesha mnyororo huo wa sababu, jambo moja likizaa jingine. Na zingatia kwamba hakuna mtu katika kisa hiki aliyemwuliza swali kijana huyu. Kila mtu alimpa jina: mvivu, mkali, amebadilika.

Kwa wasichana waliopanga gheto mzigo ni mwingine. Yupo mtu mzima anayejitolea "kusaidia" kodi, na msaada wake una bei. Msichana hunyamaza kwa kuogopa kwamba akisema ataachishwa shule au atalaumiwa yeye. Lawama ni ya mtu mzima. Hilo liandike hivyohivyo, bila kulipunguza.

Mitandao ya kijamii nayo si adui wala si malaika. Inafundisha, inaunganisha, inachekesha. Tatizo lake kubwa kwa kijana ni kulinganisha: unayaona maisha ya mwenzako yaliyochaguliwa na kupambwa, unayalinganisha na maisha yako mazima, na foleni yako ya maji. Tatizo la pili ni usingizi. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi. Ratiba nyingi za bweni, nakiri kama mwalimu, hazitoi saa hizo, na wanafunzi wanaokesha wakisoma wiki ya mtihani hujikuta wamesahau walichokisoma. Ubongo hupanga yaliyosomwa mtu akiwa amelala. Lala.

7.5 Dalili na hatua

Dalili usizikariri kama orodha. Swali la kujiuliza ni moja: amebadilika kuliko alivyokuwa, na mabadiliko yamedumu? Mchangamfu amekuwa kimya. Mkimya amekuwa mgomvi. Hali, au anakula kupita kiasi. Halali, au analala mchana kutwa. Anaumwa kichwa na tumbo kila wiki na vipimo havionyeshi kitu. Maksi zimeporomoka. Anagawa vitu vyake anavyovipenda. Anasema hana faida kwa mtu yeyote.

Hizo mbili za mwisho zinataka hatua siku hiyohiyo. Kujiua ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya watu wa miaka 15 hadi 29 duniani. Mwenzako akikuambia anataka kufa, usicheke, usimhubirie, usimwambie "unajidekeza". Kumwuliza waziwazi kama anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi kunampa nafuu, kwa sababu hatimaye kuna mtu amelitamka. Kaa naye, usimwache peke yake, na mtafute mtu mzima mara moja. Akikuapiza usimwambie mtu, vunja kiapo hicho. Siri ya namna hiyo haitunzwi.

Kama ni wewe mwenye mzigo, sehemu ngumu ni sentensi ya kwanza. Watu wengi hukaa na jambo mwaka mzima kwa kukosa namna ya kuanza. Nakuwekea hapa, uichukue kama ilivyo: "Shikamoo mwalimu. Nina jambo linanisumbua, na siwezi kulisema mbele ya watu. Naomba nafasi ya kuzungumza na wewe." Basi. Hulazimiki kueleza yote siku hiyo. Unaweza kumwendea mwalimu wa ushauri na unasihi, matroni au patroni, shangazi, bibi, kiongozi wa dini unayemwamini. Ukimwendea mtu akakupuuza, nenda kwa wa pili. Akikupuuza wa pili, nenda kwa wa tatu. Kupuuzwa ni udhaifu wa aliyepuuza, si ushahidi kwamba tatizo lako ni dogo.

Simu namba 116 ni huduma ya taifa ya simu kwa mtoto. Kupiga ni bure. Hospitalini, anza na kituo cha afya kilicho karibu, nacho kinaweza kukupa rufaa. Kwa mkoa wa Tabora hospitali ya rufaa ya mkoa ni Kitete. Ngazi ya juu kabisa ni Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, Dodoma. Jina la Mirembe limefanywa tusi mitaani, na tusi hilo limewafanya wagonjwa wengi wachelewe tiba. Magonjwa haya yana tiba: ya mazungumzo, ya dawa, au yote mawili.

7.6 Kujibu swali la insha

Swali la mfano: "Kwa kutumia mifano ya kihistoria na ya sasa, jadili kauli kwamba afya ya akili ya kijana ni jukumu la jamii nzima."

Jibu dhaifu huanza hivi: "Afya ya akili ni muhimu sana. Vijana wengi wanaathirika. Serikali itoe elimu." Halina kosa, na halina kitu. Linaweza kuandikwa kuhusu malaria, ukataji miti au ajali za bodaboda bila kubadilisha chochote.

Jibu zuri huanza na jambo mahususi, kwa mfano: "Mpagazi wa karne ya 19 aliyetoka Unyanyembe kwenda Bagamoyo alibeba takribani kilo 30, lakini alikula chungu kimoja na wenzake. Mwanafunzi aliyepanga gheto leo anaweza kupika, kula na kulala bila mtu kujua kama amekula." Tayari msahihishaji amejua kwamba unayo hoja. Baada ya hapo eleza dhana, onyesha mnyororo wa sababu kwa mfano mmoja ulioukamilisha, halafu taja wajibu wa kila upande: mzazi, shule, serikali, rika, na kijana mwenyewe. Usimsahau huyo wa mwisho. Neno "jadili" linakutaka pia upime kauli, kwa hiyo andika aya moja inayoonyesha mipaka yake: jamii haiwezi kumsaidia asiyesema, na kuna wakati jamii yenyewe ndiyo inayomwumiza.

Maswali ya kujipima

1. Tofautisha msongo wa mawazo na sonona, kisha toa mfano mmoja wa kila hali kutoka mazingira ya shule yako.

2. "Utani ulikuwa mfumo wa kulinda uhai wa msafiri." Eleza kauli hii, kisha onyesha kwa hoja tatu jinsi uonevu wa mabwenini usivyoweza kuitwa utani.

3. Rudi kwenye kisa cha kijana wa Kaliua. Chora mnyororo wa sababu kuanzia malipo ya tumbaku hadi kusinzia darasani. Ni hatua ipi ambayo mwanafunzi mwenzake angeweza kuikata, na kwa kufanya nini?

4. Kwa nini si sahihi kusema kwamba shinikizo la rika limeletwa na mitandao ya kijamii? Tumia ushahidi wa kihistoria.

5. Andika majina ya watu wazima watatu unaoweza kuwaambia jambo zito. Swali hili halisahihishwi. Ukikosa watatu, mfikirie mmoja ambaye hujawahi kumjaribu, na uandike sentensi ya kwanza utakayomwambia.